Kizee Kinaingia

Mnapiga hodi kwangu Msamala, hapa Songea, mnasema shikamoo kwa sauti nzuri, nami najibu marahaba. Halafu mnakaa kwenye makochi yangu, mnatoa simu, na kunionyesha kijana wa kiume mwenye ndevu aliyejifunga khanga na kuweka mto nyuma, meno mawili ameyapaka masizi ili yaonekane yameng'oka, anatembea amepinda mgongo na kupiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. "Bibi, ona huyu anavyoigiza bibi!" Mnacheka mpaka mnashika mbavu. Kisha mnanigeukia mimi, bibi halisi niliyekaa mbele yenu, mnasubiri na mimi nicheke.

Siku kama hizo natamani mnirudishie marahaba yangu.

Nawaandikia ninyi mnaokuja kwangu kujifunza mekapu, na ninyi wengine mnaotaka kuandika na kuongoza tamthilia. Kwa mdomo nimeshawaambia na hamkusikia, na mdomo wangu una kesi yake ambayo nitaieleza. Kwa hiyo safari hii nimetumia kalamu.

Kwanza mjue anayewaandikia ni nani. Mimi ni Getruda. Niliondoka Songea na darasa la saba na magauni mawili. Dar es Salaam nilisuka nywele kibarazani, nikaosha vichwa vya watu saluni, nikasoma masomo ya jioni nikisinzia, na katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaoza mabinti, mimi nilikuwa nimevaa joho napokea stashahada ya sanaa za maonyesho. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada hiyo iko sebuleni kwangu ndani ya fremu ya kioo, juu ya televisheni, mtu asiione kwa makusudi tu. Najua mtaani mnaniita Mama Stashahada mkidhani sisikii. Nasikia, na jina nalipenda. Nyumba hii ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa brashi. Hakuna mwanaume aliyepigilia hata msumari mmoja, ukimwacha fundi, na fundi mwenyewe nilimsimamia.

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupaka nyuso za waigizaji. Vidonda, ulevi, homa, maiti. Maiti wangu mmoja alitisha hata mama yake mzazi, aliyekuja kumletea chakula, akaangua kilio uani tukahangaika kumtuliza. Lakini kilichonipa jina mjini ni uzee wa wanawake. Mtu akitaka msichana wa miaka ishirini na mitano awe bibi wa miaka sabini kabla jua halijawa kali, alikuwa anasema, mtafuteni Getruda.

Aliyenifundisha ni Mzee Kitwana, mtu wa pwani, mpole, vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya msichana na kunipa penseli ya wanja. "Mistari saba," akasema. "Miwili kwenye paji. Mmoja katikati ya nyusi. Miwili kutoka puani kushuka mdomoni. Miwili pembeni ya macho. Ukizidisha umemfanya mchawi, ukipunguza umemfanya mama mkwe."

"Na mwanaume mzee ana mistari mingapi?" nikamuuliza.

Mzee Kitwana alinitazama kana kwamba nimeuliza bahari ina milango mingapi. "Mwanaume mzee hapakwi, Getruda. Tunamwita mzee mwenyewe anakuja."

Nilicheka na kuendelea kuchora. Jibu lote nililokuja kulihangaikia miaka mingi baadaye lilikuwa pale, na mimi nilikuwa nachonga penseli.

Sitaki mseme nilizaliwa najua. Mara ya kwanza kutiwa kazini peke yangu, poda nyeupe ya nywele iliisha. Nikachukua unga wa ngano. Tukio lenyewe lilikuwa la msiba, mchana, Dar, taa tatu zinamwakia mwigizaji usoni. Binti akaanza kulia, akalia vizuri sana, jasho likashuka kutoka kichwani likakutana na machozi, na kabla dairekta hajasema kata, paji la uso la bibi mfiwa lilikuwa limeanza kuwa chapati. Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatetemeka. Nilifunga mikoba nikijua nimefukuzwa. Mzee Kitwana akanishika bega na kuniambia, "Kesho njoo na majivu."

Basi shikeni haya, maana hayapo kwenye video zenu za dakika moja. Mvi hazianzi utosini. Zinaanza kwenye panja, juu ya masikio, na kwa wengine mbele kabisa, kwa hiyo anzeni huko na kwa mkono mwepesi. Weupe mtupu ni wa chaki, changanyeni na kijivu. Msiishie kidevuni, shingo inasema umri kabla ya uso. Na mikono! Nimeona tamthilia nzima, bibi ana uso wa miaka themanini na vidole vya mwali mwenye kucha za kubandika. Mtazamaji anaona. Hasemi, lakini anaona.

Sasa nimlete Skolastika, maana haya yote nayaandika kwa sababu yake.

Skola ni mtu wa Lusewa, kule Namtumbo. Amenizidi miaka mitano, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwamkia. Tulikutana Dar katika kikundi cha maigizo kilichoonyeshwa kwenye televisheni, enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa unakusanyika kwa jirani mmoja kutazama. Kikundi kile kilikuwa maskini. Hakikuweza kuninunulia hata poda, kwa hiyo mwanamke mzee aliigizwa na mwanamke mzee. Na bibi wa michezo ile alikuwa mtu. Aliuza maandazi, aligombana na mpangaji wake, alitongozwa na mgane wa nyumba ya tatu akamkataa kwa matusi mazuri, alisimama kwenye mkutano wa mtaa na kumwambia mwenyekiti akae chini. Umaskini wetu ulitufanya tuwe waadilifu na hatukujua.

Skola wakati huo alikuwa na miaka thelathini na kitu, akiigiza wanawake wa rika lake. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Angeweza kuchambua mchele mbele ya kamera bila neno lolote, ukajua kwamba mumewe hatarudi. Nimepaka wengi waliosifiwa magazetini. Hakuna aliyemfikia.

Kisha zikaja filamu za kanda, na mambo yakageuka. Wasichana wakawa wa kupendwa. Mwanamke aliyezidi arobaini akabakiziwa kuroga, au kumtesa mkwe, au kukohoa kijijini mpaka afe ili mtoto wake wa mjini apate sababu ya kulia. Na hata hizo hakupewa. Alipewa binti mwenye sura ya kuuza kava ya kanda, halafu akaletwa kwangu nimzeeshe.

Nami nilizeesha! Nilijivuna, na sitawadanganya, bado najivuna, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa mbovu isingeaminiwa.

Skola alipofika miaka hamsini na miwili alikuja kwenye usaili wa nafasi ya bibi. Mimi nilikuwa pale na brashi mkononi, nampaka msichana mwingine kwa ajili ya nafasi hiyohiyo. Mwenye filamu alimtazama Skola kutoka juu mpaka chini.

"Mama, samahani sana. Hufanani na kizee."

"Nifanane naye vipi?" Skola akauliza.

"Kizee kina mistari. Hapa, hapa, hapa." Akainua kidole na kuichora hewani mbele ya uso wake.

Nilihesabu. Ilikuwa saba.

Yule mwanaume alikuwa amejifunza uzee kutoka kwenye nyuso zangu. Alikuwa na mama yake mzazi nyumbani na hakuwahi kumtazama, ila alizitazama kanda. Uso wa Skola ulikuwa na paji laini kama la msichana, na mstari mmoja tu mrefu upande wa kushoto wa mdomo, kwa sababu hucheka upande mmoja. Mstari huo haukuwemo katika saba za Mzee Kitwana. Akaambiwa ahsante kwa kuja. Alipita mbele yangu akitoka, tukaangaliana, na mimi nikarudisha macho kwenye shavu la msichana wangu. Sikufungua mdomo. Siku ambayo mdomo ulihitajika, niliufunga. Mwezi haukuisha, Skola akarudi Lusewa kulima tumbaku na mahindi.

Mtaniambia siku hizi mambo yamebadilika. Mnapenda sana kuniambia hivyo. Nami nakubali, yamebadilika. Kwenye king'amuzi yupo bibi tajiri mwenye wigi, anamiliki kampuni, anawafokea walinzi. Nimemtazama kwa jicho la kazi. Uso umepakwa mpaka hauna njia ya kutokea kicheko. Zamani walimchora msichana awe bibi, leo wanamfuta bibi awe msichana, na wakishamaliza kumfuta wanampa kazi ileile ya kumtesa mkwe, tofauti ni kwamba sasa anamtesa ghorofani. Na yule asiyetaka kufutwa, nafasi yake mmempa yule kijana wenu wa ndevu na mto. Kwa hiyo mwanamke mzee wa kawaida, wa kununua chumvi na kupiga soga na kuwa na maoni, hayupo popote. Ninyi mnaita hayo maendeleo.

Mwaka juzi walikuja watu wa tamthilia kupiga picha hapa Songea. Walitaka milima ya Matogoro kwa nyuma na mashamba ya mahindi kwa mbele. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nimesharudi, naota jua la Juni kwenye baraza langu. Dairekta akafika mwenyewe, kijana aitwaye Rama, kofia kaigeuza nyuma.

"Shikamoo mama. Tumeambiwa wewe ndiye mkongwe wa mekapu."

"Marahaba. Ndiye mimi. Tazama ukutani."

Akachungulia sebuleni, akatazama stashahada kwa heshima. Nikampenda kidogo. Akanieleza kwamba hadithi nzima inamhusu bibi anayekataa shamba la familia lisiuzwe. Bibi ndiye nguzo, yumo mwanzo mpaka mwisho. Na ataigizwa na Leila. Leila alikuwa amesimama nyuma yake, mtoto mzuri, miaka ishirini na sita, ananitabasamulia.

Nikaomba skripti. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: *Kizee kinaingia. Kinakohoa. Kinakaa chini. Kinamtazama mjukuu wake.* Na mistari miwili chini yake, akija shemeji wa bibi huyo: *Mzee anaingia. Anavua kofia.*

"Nani kaandika?"

"Mimi, mama," akasema binti mwenye miwani. Anaitwa Neema, ana shahada ya chuo kikuu, kubwa kuliko yangu.

"Neema, kiongozi anaingia au kinaingia?"

"Anaingia."

"Kijana?"

"Anaingia."

"Kipofu? Kiziwi? Kinyozi?"

"Wote wanaingia, mama."

"Na kizee?"

Neema akavua miwani akaanza kuifuta. "Ni mazoea tu," akasema taratibu.

Rama akacheka. "Mama, watazamaji hawasomi skripti."

"Wewe unaisoma. Leila anaisoma. Mwenye kamera anaisoma. Mkishaandika kinaingia, kitaingia kitu, na mtakipiga picha kama mnavyopiga picha ya kiti."

Nikamwambia sitashika brashi mpaka wamwone kwanza mtu ninayemjua. Akakubali, kwa heshima ya ukutani nadhani. Nikampigia Skola. Alikuwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moshi, anageuza majani, nasikia moto unavyolia nyuma ya sauti yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna msiba?"

Nikamweleza. Nikasikia akitia kuni motoni.

"Huyo bibi ana jina?"

"Bado."

"Nikija watampa?"

"Watampa. Nitawasimamia."

"Getruda, nina miaka sitini na minane. Hii ikinipita sitangoja nyingine. Usinilete huko ukaniaibisha."

"Dada, mimi?"

Alifika kesho yake na basi la Lusewa, mwekundu wa vumbi, na unga wa mahindi ameniletea kwenye mfuko. Nikampeleka ukumbini walikokuwa wanafanyia mazoezi. Wakampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, mbele ya watu wote: "Kizee kinaingia." Akashusha karatasi.

"Mwanangu dairekta, kizee hiki kinaingia kwa miguu au kinabebwa?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hata Rama alicheka. Skola akauliza kama kuna mahindi, wakampa gunzi moja lenye punje zake kutoka kwenye vitu vya seti. Akakaa, akaanza kupukuchua. Mwigizaji mwingine akawa anamsomea maneno ya mjukuu anayemshawishi auze shamba. Skola hakujibu lolote. Alipukuchua tu. Punje moja ikaanguka sakafuni. Akaitazama, akainama kuifuata kwa shida kidogo, akaiokota, akaipuliza vumbi, akairudisha na wenzake. Ndipo akamtazama mjukuu.

Hakuna aliyecheka tena. Leila mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Rama akanivuta pembeni. "Mama yuko vizuri sana. Shida ni moja, kwenye kamera haonekani kizee. Mpake."

"Nimpake nini?"

"Uzee, mama."

"Ana miaka sitini na minane!"

"Najua, lakini haionekani. Mchore kidogo. Macho yaache, yale mekundu yanatisha, tutayatumia."

"Hayo ni moshi wa bani," Skola akasema kutoka alipokaa. Masikio yake hayana umri. "Nina tumbaku kule, mwanangu, sina uchawi." Kisha akanigeukia mimi, maana alikuwa ameona nimeanza kuvimba. "Nipake tu, mdogo wangu. Nipake tumalize."

Tukaingia chumba cha nyuma. Nikamkalisha. Nikafungua sanduku langu, nikapanga poda, nikapanga penseli, na mkono ukakataa. Nimchoree mwanamke wa miaka sitini na minane mistari ya Mzee Kitwana ili afanane na wasichana niliowachora mimi! Nikachukua brashi safi, kavu, nikaanza kumpitishia usoni. Paji. Nyusi. Pembeni ya macho. Nilifanya kazi yote kwa ukamilifu, muda uleule, pumzi zilezile, bila chembe ya rangi.

"Getruda," akasema macho yamefungwa, "mbona brashi haina kitu?"

"Tulia."

"Usinichezee nafasi yangu."

"Tulia dada, najua ninachofanya."

Tulipotoka, Rama aliruka kutoka kwenye kiti. "Sasa! Huyo ndiye bibi! Mnaona? Ndiyo maana nilitaka mkongwe." Mpiga kamera akasema kweli, tofauti kubwa sana. Mtu wa taa akasema mimi ni hatari. Rama akamshika Skola mikono yote miwili na kumwambia, mama, nafasi ni yako. Akamwambia Neema, mwandike jina, bibi aitwe nani? Na Skola, bila kufikiri, akasema, "Aitwe Otilia. Ni jina la mama yangu." Neema akakata *kizee* kwa kalamu na kuandika *Otilia*. Akakata *kinaingia* na kuandika *anaingia*. Niliona kwa macho yangu. Skola alicheka, ule upande wake mmoja.

Ningenyamaza pale, ningekuwa nawaandikia kitu kingine leo.

Sikuweza. Miaka thelathini ilinipanda kichwani. Nilitoa leso nyeupe, nikamfuta Skola uso mzima, paji mpaka kidevu, nikainua leso juu watu wote waione. Nyeupe. "Sikumpaka kitu!" nikasema. "Hamna macho! Mmemwona mtu yuleyule mara mbili!" Mtu wa taa ndiye alianza kucheka, kisha wote, wanamcheka Rama. Naye alicheka, kwa meno tu. Mimi nikaendelea. Nikawaeleza mistari saba. Nikawaeleza stashahada. Nikamwambia Rama nilikuwa napaka nyuso mama yake akiwa bado anasuka mabutu. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilipomaliza nilimtafuta Skola anipe mkono. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama chungu kikianguka kutoka rafuni, kabla hakijafika chini.

Skola alilala kwangu. Asubuhi alifua gauni atakalovaa mbele ya kamera, akalianika uani. Bado lilikuwa linachuruzika Neema aliponipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wameamua kuendelea na Leila. Mtu wa mekapu anatoka Dar.

Nikaenda uani kumwambia. Hakuketi.

"Ni kwa sababu ya uso wangu?"

"Hapana, dada."

"Kwa sababu ya nini?"

Niliangalia gauni kwenye kamba. Akasema yeye.

"Kwa sababu ya mdomo wako. Nilikuwa nimeshapata, Getruda. Jina la mama yangu lilikuwa limeshaandikwa. Wewe ukataka kushinda. Nani alikwambia yalikuwa mashindano yako?"

Akaliondoa gauni kwenye kamba likiwa bichi, akalitia kwenye mfuko uliokuja na unga, nikamsindikiza mpaka stendi.

Tamthilia imeonyeshwa. Niliitazama kwenye marudio ya mchana. Leila anaingia, anakohoa, anakaa chini. Mistari saba, imepangwa vizuri. Aliyempaka alifundishwa na binti niliyemfundisha mimi, naujua ule mkato wa pembeni ya macho kama ninavyojua mwandiko wangu. Halafu mjukuu akamwita. "Bibi Otilia." Hawakurudisha *kizee*, mnaona. Jina walilipenda, wakabaki nalo. Mama yake Skola, aliyezikwa Lusewa, amevalishwa mistari yangu na kukohoa mbele ya nchi nzima, na binti yake yuko bani anageuza tumbaku.

Nina hasira na Rama, asiyejua kutazama. Nina hasira na mwenye filamu wa zamani na kidole chake. Nina hasira na ninyi na simu zenu. Lakini msidhani najiacha nje. Mara moja nilinyamaza, Skola akakosa. Mara moja nikasema, akakosa tena. Mara zote mbili nilikuwa najifikiria mimi na brashi yangu.

Tangu siku ile nimekwenda Lusewa mara tatu. Nafika, nasema, "Shikamoo dada." Skola anainua kichwa kutoka kwenye kazi yake na kujibu, "Nimesikia." Ananikaribisha, ananipa ugali, ananiuliza habari za Songea. Lakini marahaba hanipi. Ninyi mliokulia huku mnajua uzito wake. Mtu wa kukuzidi umri anasikia salamu yako na kuibakiza hewani.

Neema aliacha kazi kwa Rama. Alikuja hapa kuniomba nimsaidie kuandika filamu yake mwenyewe, fupi, ya bibi mmoja. Nilikuwa na mawazo tayari, mengi, mazuri. Niliyameza. Nikamwambia panda basi uende Lusewa, chukua karatasi isiyoandikwa kitu, ukae bani, umwulize mwenye uso. Amekwenda. Wiki ya tatu sasa. Nasikia kwa watu kwamba Skola ndiye atakayeigiza, na kwamba ukurasa wa kwanza hauna kukohoa. Mimi sijaitwa, na sijaomba kuitwa.

Wakianza kupiga picha, wengine wenu mtakwenda kubeba mikoba ya mekapu. Nendeni na pamba, maji safi na mafuta kidogo ya kupoza ngozi ya moshi. Penseli ya wanja iacheni hapa mezani kwangu, nitawahesabia. Mkifika mwamkieni kabla hamjamgusa uso, na msubiri ajibu.

Mimi nitabaki Msamala na mdomo wangu. Siku atakayopita mlangoni mbele ya kamera, mmoja wenu anipigie, aseme maneno mawili tu, Skola anaingia, akate simu. Nitavaa viatu niende stendi. Nitafika Lusewa na vumbi langu, nitamwamkia tena, kisha nitasimama pale nimsikilize.